Sauti Iliyotafuta Mwili: Taazia ya Kihakiki ya James Earl Jones (1931–2024)

Utangulizi

Mwigizaji mkongwe wa Marekani, James Earl Jones, alizaliwa Arkabutla katika jimbo la Mississippi tarehe 17 Januari 1931 na kufariki dunia tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Taazia zilizoandikwa juu yake, ziwe za magazetini au za redioni, zilikariri jambo moja: sauti. Alitajwa kuwa sauti ya Darth Vader na sauti ya Mufasa. Ilikuwa kana kwamba marehemu hakuwa na uso, mikono wala mgongo, na kana kwamba miaka sitini ya kuigiza mbele ya kamera ilikuwa kazi ya koo peke yake.

Makala haya yanashikilia kwamba sifa hiyo ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayobeba uzito wa usanii wake. Dai la msingi ni kwamba sinema ilimpa Jones umaarufu pale ilipoitenga sauti yake na mwili wake, lakini yeye alifikia kilele cha uigizaji pale sauti hiyo ilipositasita, ilipozuiwa, au iliponyamaza ili kumsikiliza mwingine. Ili kulithibitisha dai hili, uhusika wake utatazamwa katika makundi matatu: sauti isiyo na mwili, mfalme wa Kiafrika wa kubuniwa, na mwili unaosikiliza. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulifuatilia suala hili, kwa kuwa lugha yake mwenyewe imo ndani ya mojawapo ya kazi zilizompa Jones umaarufu mkubwa kabisa.

Kigugumizi kama chimbuko

Wasifu wa msanii si ufunguo wa kila kufuli, na mhakiki anayeutegemea mno huishia kusoma maisha badala ya kazi. Hata hivyo, kwa Jones kuna tukio moja lisiloepukika. Baba yake, Robert Earl Jones, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji, aliondoka nyumbani karibu na wakati wa kuzaliwa kwa mtoto. Mtoto alilelewa na babu na bibi upande wa mama, nao wakahamia naye Michigan. Huko alishikwa na kigugumizi kikali, na kwa takriban miaka minane hakusema ila kwa nadra. Alipokuwa katika shule ya sekondari, mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch, aligundua kwamba kijana huyu bubu alikuwa akitunga mashairi. Jones alikuwa ametunga shairi kuhusu tunda la balungi. Mwalimu alimtaka alikariri mbele ya darasa bila kusoma, ili athibitishe kuwa ni lake. Kijana alisimama akalikariri, na kigugumizi hakikutokea.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, sauti ambayo ulimwengu uliidhani kuwa kipaji cha kuzaliwa ilikuwa zao la kazi. Kila neno lilipimwa kabla ya kutamkwa, kwa kuwa mwenye kigugumizi hana neno la kupoteza. Ule mwendo wa taratibu, zile pumziko kati ya kirai na kirai, na ile namna ya kuliweka neno mahali pake kama mwashi awekaye jiwe, ni mbinu za mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Pili, ni utungo wenye mahadhi uliomfungua ulimi. Hili halitamshangaza mwanafunzi wa fasihi simulizi, anayejua kwamba wizani humbeba msemaji mahali ambapo maneno matupu hayawezi kumfikisha. Jones mwenyewe alilitambua chimbuko hili alipoipa tawasifu yake ya mwaka 1993 jina la Voices and Silences, yaani sauti na vimya. Taazia nyingi zilikumbuka sauti, zikasahau vimya.

Sauti isiyo na mwili

Jones aliingia katika sinema kwa njia ya jukwaa. Mwelekezi Stanley Kubrick alikwenda kumtazama George C. Scott katika tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice huko New York. Humo akamwona pia Jones akiigiza Mwanamfalme wa Moroko, na hatimaye akampa nafasi ndogo ya Luteni Zogg, mmoja wa wanaanga waliomo katika ndege ya mabomu, katika Dr. Strangelove (1964). Yaani tangu mwanzo, mlango wa sinema ulifunguliwa na mhusika mtukufu wa Kiafrika aliyebuniwa na Mzungu. Jambo hili litarejelewa baadaye.

Mwaka 1977 ndio ulioamua jinsi ambavyo angekumbukwa. Katika Star Wars, mwili wa Darth Vader ulikuwa wa Mwingereza David Prowse, mtu wa miraba minne, na sauti ikawa ya Jones, iliyorekodiwa kwa saa chache tu. Jones aliomba jina lake lisitajwe katika orodha ya waigizaji wa filamu mbili za mwanzo, kwa hoja kwamba mchango wake ulikuwa sawa na ule wa mafundi wa sauti na taswira. Mwaka huo huo alionekana katika Exorcist II: The Heretic kama Kokumo, Mwafrika anayetokea katika njozi akiwa amevikwa vazi la nzige. Filamu hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega zinasema mengi kuhusu nafasi ya mwigizaji Mweusi katika Hollywood ya enzi hiyo. Pale alipokuwa na mamlaka, mwili wake haukuwapo. Pale mwili wake ulipokuwapo, ulivikwa mabawa ya mdudu.

Usanii wa Jones katika Vader ni wa hali ya juu, na haifai kuupuuza. Mhusika hana uso, macho wala midomo inayoonekana. Kila kitu anachokijua mtazamaji kuhusu nafsi yake kinatokana na kiimbo. Jones alilielewa sharti hili kinyume na lilivyotarajiwa: hakupaza sauti. Vader hutisha kwa sababu huzungumza polepole, kwa kidatu cha chini, kama mtu asiyewahi kulazimika kurudia kauli. Hata hivyo, tazama kinachotokea mwishoni mwa Return of the Jedi (1983). Kinyago kinapovuliwa na baba kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza, uso unaoonekana ni wa Sebastian Shaw, mwigizaji Mwingereza mzee, na sauti inayosikika ni ya Shaw. Jones alipewa uovu wote wa mhusika huyu, lakini toba yake akapewa mwingine. Filamu ilipohitaji ubinadamu wa Vader, iliona ni lazima ibadilishe sauti. Hakuna kisa katika kazi yake yote kinachoonyesha bayana zaidi gharama ya kuwa sauti tupu.

Mfalme wa Afrika na lugha ya nyika

Kundi la pili ni la wafalme. Katika Coming to America (1988), iliyoelekezwa na John Landis, Jones ni Mfalme Jaffe Joffer wa Zamunda, nchi ya kubuni iliyosheheni dhahabu, ndovu na maua yanayomwagwa chini ya nyayo za watawala. Malkia wake ni Madge Sinclair. Miaka sita baadaye wawili hao walikutana tena kama sauti za Mufasa na Sarabi katika The Lion King (1994). Zamunda na Nchi ya Simba ni ndugu: zote mbili ni Afrika isiyo na wananchi, yenye kasri na isiyo na soko, yenye mrithi na isiyo na bunge.

Yapo mawili ya kusemwa hapa, nayo yasitenganishwe. La kwanza ni la haki kwa mwigizaji. Joffer ni mhusika wa vichekesho ambaye Jones alikataa kumchekesha. Ngozi ya simba ipo begani, naye anasema maneno ya kipuuzi kwa uzito uleule ambao angempa Lear, mhusika aliyekuwa amemwigiza na kuonyeshwa katika runinga mwaka 1974. Kicheko cha mtazamaji kinatokana na pengo lililoko kati ya uzito wa msemaji na wepesi wa jambo. Hii ni kejeli ya daraja la juu. Inafaa kukumbukwa pia kwamba katika Coming 2 America (2021) mfalme huyu anajiandalia mazishi akiwa hai ili asikie atakavyosifiwa, kisha anakata roho. Jones alikuwa na miaka 90 filamu hiyo ilipotoka. Wachache ni waigizaji waliopata kuihudhuria taazia yao wenyewe, na kuikejeli.

La pili ni la lugha. Waandalizi wa The Lion King walizuru Kenya mapema katika utayarishaji wa filamu, na mandhari ya Hell's Gate karibu na Naivasha ni miongoni mwa yaliyowavutia. Wakarudi na mandhari, na wakarudi na maneno. Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa na Shenzi ni majina ambayo mtoto wa Kiswahili huyaelewa bila kamusi. Lakini ni majina tu. Lugha ya wenye nyika imekuwa lugha ya kuitiwa, haikuwa lugha ya kuamulia. Mufasa anapomfunza mwanawe maana ya utawala, anamfunza kwa Kiingereza cha Jones. Kiswahili kimeachiwa nyani mcheshi anayechombeza vijineno, na msemo wa kitalii, hakuna matata, ambao kampuni ya Disney iliuwekea alama ya biashara nchini Marekani, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018. Tena, jina Mufasa lenyewe halina maana ya wazi kwa msemaji wa Kiswahili: mwenye kauli kuu ndiye ambaye jina lake halisemi kitu.

Je, Jones alaumiwe kwa hili? La hasha. Hakuandika mswada wala hakuchagua majina. Ila uhakiki usiokubali kunyamazishwa na msiba hauna budi kutambua kwamba utukufu wa sauti yake ndio uliofanya pengo hilo lisionekane. Alizungumza kwa heshima kubwa kiasi kwamba hadhira, ikiwamo ya Afrika Mashariki, iliamini kuwa imeisikia Afrika ikizungumza. Kilichosikika, kwa hakika, ni Mississippi na Michigan, ni mjukuu wa wakulima Weusi wa Kusini aliyejifunza kusema upya. Hiyo ni sauti adhimu yenye historia yake. Kuiita sauti ya Afrika ni kuipoka historia hiyo na kuinyima Afrika nafasi ya kusema.

Hata humu, kimya kina neno lake. Mufasa anauawa kabla filamu haijafika nusu, kisha anarudi mawinguni akiwa sauti na mwanga. Mtazamaji aliyekulia katika jamii zinazowaheshimu wahenga atalitambua umbo hili: ni mzimu unaomkumbusha aliye hai wajibu wake. Mwana wa baba asiyekuwapo aliishia kuwa baba mashuhuri kabisa asiyekuwapo katika historia ya katuni. Mwaka 2019 filamu ilipoundwa upya, waigizaji wote wa sauti wa mwanzo walibadilishwa isipokuwa yeye.

Mwili unaosikiliza

Kundi la tatu ndilo lililosahauliwa zaidi, na ndilo linalostahili kufundishwa. Katika The Great White Hope (1970), filamu ya Martin Ritt iliyotokana na tamthilia ya Howard Sackler, Jones ni bondia Jack Jefferson, aliyesawiriwa kwa kumfuata Jack Johnson, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzani wa juu mwaka 1908. Jones alikuwa ameshashinda tuzo ya Tony mwaka 1969 kwa uhusika huohuo jukwaani, na filamu ikamfanya Mwafrika-Mmarekani wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Humu mwili ndio unaosimulia. Jefferson wa mwanzoni anacheka kwa mabega. Anapoandamwa na sheria kwa sababu ya mapenzi yake na mwanamke Mzungu, akakimbilia ughaibuni na kuishiwa, kicheko kinabaki kinywani lakini mabega yamekwisha kukikana. Mtazamaji anaona kushindwa kwake kabla pambano la mwisho halijaanza.

Katika Claudine (1974), mkabala na Diahann Carroll, yeye ni Roop, mzoataka anayempenda mama wa watoto sita. Kizuizi cha mapenzi yao ni afisa wa ustawi wa jamii, ambaye hesabu zake zinamwadhibu mama akiwa na mwanamume nyumbani. Sauti ya ngurumo haina kazi katika jiko dogo la Harlem. Jones anaipunguza hadi ikawa mnong'ono wa mtu anayeona haya kwamba mshahara wake hautoshi. Katika Matewan (1987) ya John Sayles, kuhusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa West Virginia mwaka 1920, yeye ni mfanyakazi Mweusi anayeingia katika chama cha Wazungu waliomdhania kuwa msaliti. Anasimama pembeni mwa mkutano na kusubiri kuaminiwa. Kule kusubiri ndiko uhusika wenyewe.

Mfano mzito zaidi unatoka katika runinga. Katika Roots: The Next Generations (1979), Jones alimwigiza mwandishi Alex Haley. Kuna mandhari mbili za kusikiliza. Ya kwanza ni ya mahojiano na George Lincoln Rockwell, kiongozi wa Wanazi wa Marekani, aliyeigizwa na Marlon Brando. Brando anazungumza; Jones ana kalamu na uso. Ya pili ni Gambia, kijijini Juffure, Haley anapoketi kumsikiliza mzee mhifadhi wa nasaba akisimulia vizazi hadi afike kwa jina la Kunta Kinte. Wanahistoria baadaye walitilia shaka ushahidi wa simulizi hiyo, na shaka yao ina msingi. Lakini kwa upande wa uigizaji, tukio hili ni la kipekee: mwenye sauti kuu kuliko zote za Marekani anageuka kuwa hadhira, mbele ya fanani wa Kiafrika, katika lugha asiyoijua, akimtegemea mkalimani. Anasubiri kila kirai kifasiriwe, na subira hiyo inaonekana shingoni. Hapa, tofauti na Zamunda, Afrika inasema kwa ulimi wake na Jones anaipa sikio.

Kumalo

Iwapo itachaguliwa filamu moja ya kumpima, makala haya yanaipendekeza Cry, the Beloved Country (1995), iliyoelekezwa na Darrell James Roodt kutokana na riwaya ya Alan Paton ya mwaka 1948. Ilitengenezwa Afrika Kusini mara tu baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Jones ni Mchungaji Stephen Kumalo, mzee wa kijijini anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe Absalom, akamkuta amemuua kijana wa Kizungu, mwana wa jirani yake, James Jarvis, anayeigizwa na Richard Harris.

Lipo lalamiko halali kwamba uhusika huu ulistahili kupewa mwigizaji wa Afrika Kusini, na kwamba lafudhi ya Jones haikai Natal. Lakini mandhari ya Kumalo kumkiri Jarvis ukweli yanadai kusomwa kwa makini. Kumalo anajua jambo ambalo Jarvis halijui: kwamba baba wa muuaji anasimama mbele ya baba wa marehemu. Hapa Jones anarejea alikotoka. Maneno hayaji. Kinywa kinajiandaa, kinaacha, kinajiandaa tena. Sauti ambayo ulimwengu uliilipia mamilioni inakuwa tena ya mtoto wa Michigan asiyeweza kumaliza sentensi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika tukio hili mshindo haupo popote nje ya kile kimya. Mtu aliyepewa sauti ya baba katili na kunyimwa toba yake anapewa hatimaye baba ambaye maungamo yake ni yake mwenyewe, kwa uso wake mwenyewe. Deni la mwaka 1983 linalipwa hapa.

Hitimisho

Hapana haja ya kudai kuwa kila kazi ya Jones ilikuwa njema. Alikubali nyingi: matangazo ya simu, kitambulisho cha sauti cha CNN, filamu za mapanga na uchawi kama Conan the Barbarian (1982), na amiri jeshi wa majini Greer katika filamu tatu kati ya 1990 na 1994. Alijichukulia kama fundi aendaye kwenye kazi ilipo. Heshima haikumkosa: Emmy mbili kwa mwaka mmoja, 1991, na Oscar ya heshima mwaka 2011. Pengo kubwa ni kwamba Troy Maxson wake katika Fences ya August Wilson, aliyempatia Tony ya pili mwaka 1987, hakuwahi kufikishwa katika sinema. Filamu ya 2016 ilikuwa ya Denzel Washington. Skrini ilihifadhi baba wa kubuni wa angani na wa nyikani. Baba wa uani, mwenye jasho na makosa, ilimwachia jukwaa, na jukwaa halihifadhi.

Suala hili si la makumbusho tu. Mwaka 2022, kwa ridhaa yake, sauti ya Vader katika mfululizo wa Obi-Wan Kenobi iliundwa kwa kompyuta kutokana na rekodi zake za zamani. Safari iliyoanza 1977 imefika mwisho wake wa kimantiki: kwanza sauti ilitengwa na mwili, sasa imetengwa na pumzi. Nadharia ya fasihi simulizi imefundisha muda mrefu kwamba utendaji ni fanani, hadhira na wakati mmoja visivyotenganishwa. Mashine inaweza kurithi kidatu, lafudhi na mwendo. Kinachobaki kuulizwa ni kama inaweza kurithi kusita kwa Kumalo, kwa maana kusita huko hakukuwa kasoro ya sauti bali ujuzi wa mtu aliyewahi kukosa neno na akakumbuka ilivyokuwa. Mwanafunzi atakayetaka kumjua James Earl Jones na aanzie hapo, katika pumziko lililo kabla ya neno.